Mizani Thelathini na Mbili kwa Siku

Kwa mwaka mzima nilitunga ubeti mmoja wa utenzi kila siku. Nasema ubeti, si shairi zima: vipande vinne, kila kipande mizani nane, basi. Kazi yangu ya kuajiriwa ni kukatisha tiketi za mabasi pale stendi ya Kange, Tanga. Nyumbani ni Ngamiani, katika zile barabara ambazo hatuzitaji kwa majina bali kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Mimi nakaa ya kumi na nne. Utenzi wenyewe unahusu barabara hiyo na stendi hiyo, hauvuki hapo.

Nawajua wengi wanaotamani jambo la namna hii. Yupo anayetaka kuchora kila siku, yupo anayetaka kupiga picha moja kila siku, kudarizi, kutunga wimbo, kuandika ukurasa. Huanza kwa kishindo, na wiki ya tatu haijafika daftari limeshageuzwa kuwa la mahesabu ya duka. Ukiwauliza watakwambia hawakuwa na muda, au hawana kipaji. Siamini kwamba ndivyo. Baada ya kuumaliza mwaka, ninachoamini ni kwamba kazi hii ina magumu mawili yanayostahili kuzungumzwa. Moja ni kupata kipimo cha kila siku. La pili ni ule mwezi wa tatu au wa nne utakapokukuta huna tena la kusema. La kwanza ni jepesi ukielekezwa. La pili ndilo lililonibadilisha, na nitakaa nalo zaidi.

Nianze na kipimo. Shairi letu la kawaida, lile la mishororo minne, lina mizani 16 katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na vina vya kati na vya mwisho vyote vinadai haki yao. Ubeti mmoja unakula mizani 64. Utenzi ni nusu ya hapo: vipande vinne mara mizani nane, jumla 32. Vipande vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja, cha nne kina kina chake, na hicho cha nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Asiyezoea ahesabu hivi: kila silabi ni mizani moja. Samaki ni tatu. Mti ni mbili, kwa sababu ile m inatamkwa peke yake. Ng'ombe ni mbili. Mimi huhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto juu ya meza, na abiria hudhani napiga hesabu ya nauli.

Kile kina kisichobadilika kichaguliwe kwa akili, maana utaishi nacho siku 365. Nilichagua -ni. Lugha yetu imejaa maneno yanayoishia hapo. Kila mahali panakubali: nyumbani, dukani, baharini. Kuna amri kwa watu wengi, njooni, tazameni. Kuna maswali, nini, nani, lini. Ningechagua -mbe au -vyo, ningekwama kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Huu hapa ni ubeti wa siku za mwanzo kabisa:

Jua limeshachomoza,
Bibi mihogo auza,
Moshi jicho waumiza,
Hakosi pale konani.

Ni ubeti mwepesi. Unasema kile ambacho mpita njia yeyote angekiona bila kusimama. Lakini umetimia, mizani zake ziko sawa, na ulipatikana siku ambayo mabasi mawili yalichelewa na abiria walikuwa wamelizingira dirisha langu. Ndiyo maana nilitaka 32 na si 64. Kipimo cha kazi ya kila siku usikichague kwa kuangalia siku uliyolala vizuri ukaamka mtoto yuko shule na nyumba iko kimya. Kichague kwa kuangalia siku ya msiba, siku ya homa, siku ambayo gari limekwama Mkata na ndugu za abiria wote wanakupigia simu wewe. Kile unachoweza kukifanya siku hiyo, hicho ndicho kipimo chako cha mwaka.

Wapo waliolielewa hili kabla yetu, kila mmoja kwa sanaa yake. Mmarekani Jamie Livingston alikuwa mwanafunzi wa Bard College, jimbo la New York, alipoanza tarehe 31 Machi 1979 kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Moja tu kwa siku. Rafiki amekuja, chakula kiko mezani, barabara ina theluji: anapiga, siku imeisha. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 18, hadi akiwa mgonjwa wa saratani, na alifariki tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza miaka 41. Zilibaki picha zaidi ya 6,000, na rafiki zake wakaziandalia maonyesho mwaka 2007 palepale alipokuwa amesoma. Fikiria kama angejiwekea kuchora picha moja ya rangi ya mafuta kila siku. Asingefika hata mwaka. Kubofya mara moja mtu anaweza hata akiwa kitandani hospitalini.

Suzan-Lori Parks naye, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alikuwa ametoka kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2002 alipoamua kuandika tamthilia moja kila siku kwa mwaka mzima. Alianza tarehe 13 Novemba mwaka huohuo na akamaliza Novemba iliyofuata. Mtu akisikia tamthilia hufikiria saa mbili ukumbini, lakini nyingi kati ya hizo ni fupi mno, za kuchezwa kwa dakika chache. Miaka mitatu baada ya kuzimaliza, mamia ya vikundi vya maigizo vilizigawana na kuziigiza kote Marekani kwa muda wa mwaka, kila wiki na wiki yake. Kilichowezesha hayo ni kwamba kila siku aliikubali tamthilia ya siku hiyo kwa urefu uliokuja nao.

Tazama pia tarehe hizo. Machi 31. Novemba 13. Hakuna hata mmoja aliyesubiri Januari mosi. Mimi nilianza siku ya kawaida katikati ya masika, maji yamejaa barabarani, na sikumwambia mtu.

Baada ya kipimo yanafuata masharti, na hapa nilijifunza kwa Mjapani On Kawara, aliyeishi New York. Tarehe 4 Januari 1966 alianza kuchora picha ambazo ndani yake hakuna kitu kingine ila tarehe ya siku ile, herufi na tarakimu nyeupe juu ya rangi moja. Kwa kawaida aliandika tarehe kwa lugha ya nchi aliyokuwa ndani yake siku hiyo. Kama picha haikumalizika kabla ya saa sita usiku, aliiharibu. Hakuchora kila siku, lakini aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 50, zikafika karibu picha 3,000. Watu huuliza ni sanaa gani hiyo ya kuandika tarehe. Mimi naona ni sanaa ya kuiheshimu siku: siku ina mwisho, na kazi yake iishe pamoja nayo.

Kwa hiyo ubeti wangu ulitakiwa uishe kabla sijalala. Haukuruhusiwa kutungwa jana ukawekwa kwa ajili ya leo. Ulitakiwa uzungumzie kitu kilichoonwa au kusikiwa siku hiyohiyo, kati ya barabara yangu na stendi. Na ukishaandikwa kwa wino haurekebishwi hadi mwaka uishe. Sharti hili la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa. Mtunzi anayeruhusiwa kurudi nyuma kila siku atautengeneza ubeti wa Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa hatakuwa na kitu.

Vifaa havikuzidi kauntabuku moja na kalamu ya bluu. Kila mwisho wa mwezi nilizipiga picha kurasa kwa simu, kwa kuogopa mvua na panya. Niliandika mchana, kati ya kuondoka kwa mabasi ya asubuhi na kuingia kwa yale yanayotoka Dar es Salaam, wakati stendi inatulia, makuli wamejinyoosha kwenye mabenchi na muuza kahawa anazungusha vikombe vyake kimyakimya. Ramadhani niliandika baada ya futari. Mtaani, kwa kuniona na daftari kubwa, wengi walidhani ni la madeni, hata jirani mmoja akaja mwenyewe jioni kulipa sukari aliyokuwa amekopa kwa mama mkwe wangu.

Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta mtu aliyetunga huku ana ajira. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, baadaye akawa karani katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji hapahapa Tanga. Katika miaka hiyo ya mafaili na mihuri ndipo alipotunga, pamoja na mengine mengi, utenzi wake wa vita vya 1939 hadi 1945, wenye beti 3,000. Vita ilipiganwa mbali naye. Nikiwaza beti 3,000 zilivyotoka kwa mtu aliyetakiwa kuripoti kazini asubuhi, siwezi kulichukulia neno la kukosa muda kama sababu ya mwisho. Na Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, mwaka 1858 akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa beti 102 juu ya maisha ya nyumbani, na hadi leo unasomwa. Umbo hili halikuwekwa kwa ajili ya vita na wafalme tu. Lilishawahi kuingia jikoni na chumbani.

Sasa nije kwenye mwezi wa tatu.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo jipya la kufanya kila siku: kunywa maji pamoja na chakula cha mchana, kula tunda, kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Walitaka kujua inachukua muda gani hadi jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujisukuma. Wastani ulitoka siku 66. Lakini tofauti zilikuwa kubwa: kwa mmoja siku 18, na kwa mwingine walikadiria 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuibomoa tabia iliyokwisha kuanza kujengeka, na hilo ni la kumwambia kila anayekata tamaa kwa siku moja iliyompita.

Utafiti huo ulipima maji na matunda, haukupima tungo. Kwangu kulitokea jambo ambalo lisingeonekana kwa kupima hivyo. Kufika mwezi wa tatu mkono ulikuwa umezoea kweli. Saa yenyewe ikifika, kalamu inatafutwa bila kuitwa. Na ni wakati huohuo akiba ilipoisha. Nilikuwa nimeshatunga mwembe wa kona, madrasa, mafuriko ya masika, harusi, kelele za majenereta umeme ukikatika, mama mkwe na kasuku wake, bibi wa mihogo, fundi baiskeli, wapiga debe. Miaka yote niliyoishi barabara ya kumi na nne iliisha ndani ya miezi mitatu. Mazoea yalinileta mezani kila siku, nami sina cha kuweka mezani.

Nadhani hapa ndipo wengi huishia, na hawajui kwamba wamefika mlangoni. Wiki za kwanza mtu anatoa alichonacho: kumbukumbu zake, mapenzi yake, hasira zake, mandhari anayoipenda. Ni vizuri, lakini ni vyake na vina mwisho. Mwezi mmoja hauwezi kuvimaliza, ndiyo maana changamoto za siku 30 haziwafikishi watu hapa. Mwaka unavimaliza. Ukishavimaliza utaacha, au utarudia ubeti uleule kwa maneno mengine, au utatoka nje kuuliza.

Nikatoka kuuliza, na kuuliza nako kulitaka kujifunza. Kwetu ukimwamkia mtu ukamuuliza habari za kazi, atakujibu nzuri. Habari za nyumbani, salama. Ni adabu, na sina ugomvi nayo, ila haitoi ubeti. Swali lililofanya kazi nililipata kwa fundi baiskeli, mzee ambaye kibanda chake kiko kwenye kona tangu mimi sijaolewa. Ubeti juu yake nilikuwa nimeshautunga mwezi wa kwanza: mafuta mikononi, kofia, redio. Siku hiyo nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, nikasema, "Mjomba, leo kazi imekushinda wapi?"

Akanitazama. "Njoo usikilize," akasema.

Alikuwa ameigeuza baiskeli ya mteja, miguu juu, gurudumu la nyuma hewani. Akapitisha ukucha kwenye zile nyaya nyembamba za gurudumu, ambazo wengine huziita spoku, mmoja baada ya mwingine, kama mpiga gambusi anayejaribu nyuzi. Uliokazwa sawasawa unatoa sauti ya juu. Uliolegea unatoa sauti nzito, au hausemi kitu. Gurudumu likiwa na nyaya zisizolingana linapinda, linaanza kugusa breki, na ukibeba gunia la machungwa ya Muheza litakuangusha. Kilichomshinda asubuhi ile, alisema, ni kwamba jirani alikuwa anakata vyuma kwa mashine, yeye asiweze kusikia. Macho yake yameshafifia, kwa hiyo kazi hii anaifanya kwa masikio. Miaka yote nimepita pale nikiona mzee mwenye mafuta mikononi.

Gurudumu laelea,
Kidole apapasia,
Waya mbovu wamwambia:
Kaza, niko hatarini.

Linganisha na ubeti wa bibi na moshi. Mtunzi ni yuleyule, mizani ni zilezile, na sikuwa nimesoma kitabu chochote katikati. Tofauti ni kwamba huu wa pili una kitu ambacho sikukijua asubuhi ya siku ile.

Bibi wa mihogo nilimrudia kwa swali hilohilo. Kumbe nusu ya kazi yake imeshaisha kabla hajawasha moto. "Mhogo una siku mbili, mjukuu wangu," aliniambia. Ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu ndani yake huanza kutokea mistari ya buluu iliyokoza, na mteja akiiona kwenye mhogo wa kukaanga harudi tena. Hununua yenye udongo bado, huvunja ncha kuangalia, na hachukui zaidi ya kile atakachouza leo na kesho. Kwa muuza samaki wa baiskeli nilijifunza kwamba barabara yetu, ambayo haioni bahari, inakula kwa kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hukupwa mbali sana, watu hutembea miambani kutafuta pweza, na siku hizo pweza anafika mlangoni kwetu kwa bei ya kuzungumzika. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na pweza ni wa kuagiza. Nimekula pweza maisha yangu yote. Sasa kabla sijapanga chakula cha wageni huangalia juu usiku.

Hata dirisha langu la tiketi lilinipa nilichokuwa nimekipuuza. Kuna abiria wanaokata tiketi ya Dar es Salaam wakiwa wameshika bahasha kubwa ya kaki, na hawaiachi hata wanapohesabu pesa: huibana kwapani, huipitisha mkono wa kushoto, huiweka kifuani. Ni picha za eksirei na barua za rufaa za hospitali. Wengi huomba siti ya mbele, kwa kuwa mgonjwa hawezi kustahimili mtikisiko wa nyuma. Niliwauzia tiketi kwa miaka mingi na nikawapa siti iliyokuwa wazi. Tangu nilipoandika ubeti wa bahasha, siti mbili za mbele za basi la alfajiri huwa nazichelewesha hadi mwisho, nikiangalia kwanza mikono ya watu kwenye foleni. Hakuna aliyeniagiza. Kama kazi hii isingekuwa na faida nyingine yoyote, hiyo ingenitosha.

Kuandika majirani kuna haki zake pia. Sikuandika jina la mtu. Jambo nililoambiwa chumbani halikuingia. Aliyesema hapendi, nilimwacha, na walikuwepo. Ulipotokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, sikutunga kilio cha mama yule. Nilitunga mikeka: jinsi ilivyoletwa kutoka kila nyumba bila mtu kuitisha, na jinsi kila mwenye nyumba alivyoutambua wake siku ya kuondoa matanga. Yanayotazamwa na wote yanatosha kujaza mwaka. Anayedhani ni lazima afunue siri za watu ili apate la kusema, bado hajauliza maswali ya kutosha juu ya nyaya za gurudumu.

Zilikuwepo siku za homa. Katika siku hizo nilitunga kwa mdomo nimelala, binti yangu akaandika. Yuko kidato cha pili na hana huruma katika hesabu. "Mama, hiki kipande kina tisa," alikuwa akisema, na mimi natetemeka ndani ya shuka natafuta neno la silabi mbili badala ya tatu. Baadaye nilipozisoma beti hizo sikuona kama ni dhaifu kuliko nyingine. Ni fupi za maneno, wazi, hazina pambo. Mwili mchovu hauna nguvu za kupamba.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa vijana huniuliza. Wamesikia habari za Mike Winkelmann, Mmarekani anayejiita Beeple, aliyeanza tarehe 1 Mei 2007 kutengeneza picha moja kila siku. Picha zake 5,000 za mwanzo zikiwa zimeunganishwa kuwa faili moja la kompyuta ziliuzwa na kampuni ya mnada ya Christie's mwezi Machi 2021 kwa zaidi ya dola milioni 69. Ni kweli, na ni bei ya soko la mwezi ule. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka wake wa kwanza alichora kwa mkono ili ajifunze kuchora, na kati ya picha ya kwanza na mnada ule ilipita karibu miaka 14. Hakuna anayeweza kutembea miaka 14 kwa kufuata mnada ambao haujatangazwa. Alikuwa akifuata picha ya siku ile.

Tenzi za kale zina desturi ya kufunga: mtunzi hujitaja, hutaja tarehe na idadi ya beti, huomba dua. Nami nilifunga hivyo. Kisha tukapanga usiku mmoja barazani kwetu, baada ya isha, nikausoma wote. Nilidhani watasikiliza kwa ajili ya adabu. Walisikiliza kama mashahidi. Muuza samaki alinisimamisha kwenye ubeti wa maji mafu akaeleza kwa urefu kuhusu pepo za kusi na kaskazi, jinsi zinavyoamua ni nani atoke na ngalawa na nani abaki akishona nyavu. Bibi wa mihogo alisema kwamba nimeacha habari za kuni, na kuni ndizo zinazopandisha bei. Fundi hakusema neno hadi mwisho, halafu akauliza kwa nini sikuandika alivyojifunza kusikiliza nyaya, na kwa nani. Nilimjibu kwamba mizani hazikutosha. Akasema basi tafuta kubwa.

Mwaka huu natunga mara moja kwa wiki, shairi la beti tano, mizani 16 kila mshororo. La kwanza ni la fundi na mwalimu wake, Mhindi wa zamani aliyekuwa na duka la baiskeli Tanga. La kuni linafuata, na kwa ajili yake Jumamosi naenda na bibi kwa wauzaji wake, asubuhi, kabla ya zamu yangu.